Geji Umeweka, Mbona Songwe Huuoni?

Wadau, leo tunaongelea geji. Sio ya mtungi wa gesi wala ya mafuta kwenye daladala. Naongelea zile saa na mishale iliyojaa mbele ya rubani, na hasa zile za kwenye kompyuta, za wale wenzetu wanaorusha ndege usiku kucha bila kutoka chumbani. Najua kuna watakaosema huyu sasa kaishiwa mada. Vuteni subira. Ndani ya hivyo vifaili vidogo kuna kipande cha historia ya Mbeya na Iringa ambacho darasani hatukukisikia.

Tuanze na fumbo. Chukua Flight Simulator 2004 ya Microsoft, au ndugu yake FSX iliyotoka mwaka 2006. Ni za zamani, lakini zina sifa moja kubwa: zinakubali kompyuta ya kawaida ya mtu wa kawaida. Weka kwenye dashibodi ya ndege yako geji ya GPS inayosoma orodha ya viwanja iliyokuja na programu yenyewe. Sasa andika HTGW, herufi nne ambazo marubani wa dunia nzima wanazitumia kuutambua uwanja wa Songwe. Kimya. Andika HTMB. Hapo inakuletea Mbeya, ule uwanja wa zamani uliokuwa mjini, ambao siku hizi hakuna ndege ya abiria inayotua.

Geji ni nzima. Hukukosea kuiweka. Tatizo ni kalenda tu: Songwe ulianza kupokea ndege Desemba 2012, na programu hizo zilitoka 2003 na 2006. Kwa hiyo geji yako inaijua Mbeya ya mtu mwingine, Mbeya iliyokwisha kuhama.

Hoja yangu leo ni hiyo hiyo, nikiirefusha kidogo: geji haiijui nchi. Inajua kile tu ambacho mtu fulani alikaa chini akakiweka, ama ardhini ama kwenye faili. Asipokiweka, mshale hausogei. Ukiifuata hoja hii kuanzia miaka ya 1920 utaona nyanda zetu za juu kusini zimekuwa zikitokea na kupotea kwenye dashibodi za wenye ndege, kulingana na nani alikuwa na haja nazo wakati huo.

Kwanza tuelewane geji zinawekwaje, kwa faida ya wale ambao hawajawahi kuingia humo. Ndani ya folda kuu ya programu kuna folda inayoitwa Gauges. Humo ndimo zinamokaa geji, nyingi zikiwa mafaili yanayoishia na .gau au .cab. Ukishusha geji mpya, ifungue kwanza pembeni, usiimwage moja kwa moja ndani ya programu. Angalia kilichomo, soma maelezo ya aliyeitengeneza, kisha nakili faili la geji kwenda Gauges. Baada ya hapo ingia folda ya Aircraft (kwenye FSX ni Airplanes, ndani ya SimObjects), chagua ndege yako, fungua folda ya panel. Utakuta faili linaitwa panel.cfg. Ni maandishi matupu, linafunguka kwa Notepad. Kabla hujagusa kitu, tengeneza nakala yake uipe jina jingine. Hiyo ndiyo bima yako.

Ndani ya panel.cfg tafuta palipoandikwa [Window00], yaani dashibodi kuu. Chini yake kuna orodha: gauge00, gauge01, gauge02, inaendelea hivyo. Nenda mwisho wa orodha, ongeza mstari wako kwa namba inayofuata, mfano:

gauge24=jina_la_faili!jina_la_geji, 410,265,95,95

Kabla ya alama ya mshangao ni jina la faili, baada yake ni jina la geji iliyomo ndani ya faili hilo. Namba mbili za kwanza ni mahali itakapokaa, ukihesabu kutoka kushoto na kutoka juu. Mbili za mwisho ni upana na kimo. Ukirudia namba ambayo tayari ina mwenyewe, geji moja itammeza mwenzake. FSX itakuuliza kama unaiamini geji hiyo, na usibonyeze "ndiyo" kwa mazoea, kwa sababu faili la .gau ni programu kamili inayoweza kufanya mambo mengine kwenye mashine yako.

Na ukikosea jina? Hapo ndipo penye somo. Mara nyingi programu haikugombezi. Ndege inawaka, injini inanguruma, anga ni la buluu, ila kwenye dashibodi kuna tundu. Mahali ambapo geji ilitakiwa kuwepo hakuna kitu. Unaweza kuruka nalo siku nzima bila kujua ulikosa nini, hadi siku utakapokihitaji. Wekeni hilo tundu akilini.

Sasa turudi nyuma miaka mia moja na ushee. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitaka kuruka kutoka Cairo hadi Cape Town juu ya makoloni yao. Walichonga viwanja porini, na njia yao ya kwanza katika nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika haikupita Mbeya. Ilipita magharibi zaidi: Mwanza, Tabora, halafu Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia. Mwaka 1920 ndege kadhaa zilishindana kuwa za kwanza kufika Cape Town. Moja ilikuwa Vickers Vimy iliyofadhiliwa na gazeti la The Times la London, ndani yake akiwemo Peter Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama. Iliishia Tabora mwezi Februari, ilipoanguka ikijaribu kupaa. Vimy nyingine, ile ya Waafrika Kusini Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, ilianguka Bulawayo mwezi Machi, nayo ikijaribu kupaa. Hao wawili walipewa ndege nyingine wakamaliza safari.

Oneni hilo. Tabora ipo mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, Bulawayo zaidi ya 1,300. Ndege za aina ileile iliyokwisha kuvuka Atlantiki mwaka uliotangulia zilikuja kushindwa kwenye viwanja vya bara la Afrika. Injini zilikuwa zimechoka na kuvuja, ndiyo, lakini hewa nyepesi na joto la nyanda hizi haviisamehi injini iliyochoka. Na rubani wa mwaka 1920 hakuwa na cha kumsaidia sana mbele yake: dira, kipima mwendo, geji za injini, na altimita ya kubahatisha. Altimita, kwa asiyejua, ni saa inayokuambia umefika juu kiasi gani. Microsoft waliiweka Vimy ndani ya Flight Simulator 2004, kwa hiyo mwenye nayo anaweza kwenda Tabora mwenyewe na kuona jinsi lile dude linavyojivuta.

Mambo yalibadilika haraka. Mwaka 1928 Mjerumani mmoja aliyehamia Marekani, Paul Kollsman, alianzisha kampuni ya vipimo vya ndege. Altimita yake ilikuwa na usahihi ambao haukuwepo kabla. Altimita kimsingi hupima mgandamizo wa hewa: ukipanda juu mgandamizo unapungua, mshale unazunguka. Lakini mgandamizo hubadilika pia kwa hali ya hewa, hata ukiwa umesimama palepale. Ndiyo maana altimita ina kidirisha kidogo chenye namba, unachokirekebisha kwa kuzungusha kitufe kulingana na hewa ya siku hiyo. Kidirisha hicho mpaka leo kinabeba jina lake Kollsman.

Tarehe 24 Septemba 1929, huko Mitchel Field, New York, rubani Jimmy Doolittle alifunikwa ndani ya ndege asione nje kabisa. Akapaa, akazunguka, akatua, kwa kutazama geji tu. Alikuwa na altimita ya Kollsman na vifaa viwili vipya vya kampuni ya Sperry vilivyoendeshwa na jairoskopu: kimoja kikimwonyesha kama ndege imelala au imenyooka, kingine kikimwonyesha mwelekeo. Hadithi hii husimuliwa kama ushindi wa geji. Kinachosahaulika ni kwamba chini, pale uwanjani, kulikuwa na mitambo ya redio iliyowekwa maalumu kumwongoza. Bila ile mitambo, geji zake zingemwambia ndege ipo sawasawa, lakini zisingemwambia uwanja uko wapi.

Hapa ndipo Mbeya inaingia.

Tarehe 20 Januari 1932 ndege ya barua ya Imperial Airways iliondoka London kuelekea Cape Town, na abiria wakaanza kubebwa njia nzima mwezi Aprili mwaka huohuo. Safari ilipangwa kuchukua siku 11. Kutoka Nairobi vituo vilikuwa Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika na Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe. Mbeya! Mji ambao ulikuwa na umri wa miaka mitano hivi, uliochipuka mwaka 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa kule Chunya. Reli haikuwepo. Barabara ilikuwa ya kubahatisha, mvua ikinyesha hakuna barabara. Lakini barua kutoka London ilikuwa inatua pale.

Mnajua treni ilifika lini Mbeya? Ujenzi wa TAZARA ulikamilika mwaka 1975 na reli ikakabidhiwa rasmi 1976. Yaani mji huu ulikuwa kwenye ratiba ya ndege za kimataifa zaidi ya miaka 40 kabla haujasikia honi ya treni. Nikimwambia mtu wa Mwanjelwa habari hii huwa anadhani ninamtania.

Kwa nini Mbeya? Sio kwa mapenzi. Ndege za wakati ule, kwanza DH.66 Hercules zenye injini tatu, na kuanzia 1933 Armstrong Whitworth Atalanta zenye injini nne, hazikuwa na uwezo wa kwenda mbali bila kujaza mafuta. Zilihitaji mahali pa kushuka. Kwa hiyo zilihitaji watu: wa kufyeka majani, wa kufukuza mifugo, wa kubeba mafuta, wa kutazama mawingu mlimani na kupeleka habari kwa simu ya upepo. Rubani aliyetazama dashibodi yake akaamini kwamba Mbeya ipo mbele, aliamini kazi ya watu hao. Vitabu vya safari za Imperial Airways vina majina ya marubani na ya abiria wenye vyeo. Waliofyeka uwanja wa Mbeya ni nadra kukuta wametajwa. Lile tundu nililowaambia, mnaliona?

Tuone sasa kwa namba kwa nini Mbeya sio uwanja wa mchezo. Uwanja wa zamani upo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Pwani mgandamizo wa kawaida ni hektopaskali 1013. Kwa kimo cha Mbeya ni karibu 825, yaani pungufu kwa karibu moja ya tano. Siku yenye nyuzi joto 25, hewa pale inakuwa nyepesi kiasi kwamba kipima mwendo kikikuonyesha kilomita 120 kwa saa, ndege kwa kweli inakwenda karibu 135. Geji haikudanganyi. Inapima hewa inayoigonga ndege, na hewa yenyewe ni chache. Lakini matairi yanakimbia kilomita 135, na njia ya kurukia inakwisha mapema kuliko ulivyozoea Dar es Salaam. Injini nayo inavuta hewa kidogo, kwa hiyo inabidi upunguze petroli inayochanganywa na hewa. Kwenye simuleta ni Ctrl, Shift na F2 kwa pamoja. Anayejifunzia viwanja vya pwani tu akaja kupaa Mbeya na Cessna 172 huishia kulaumu programu, kumbe programu imefanya hesabu yake vizuri kabisa.

Halafu kuna kile kidirisha cha Kollsman. Geji nyingi zinazokuja na programu ni za Kimarekani, zimeandikwa inchi za zebaki: 29.92 kwa hewa ya kawaida. Hapa kwetu waongoza ndege wanatoa namba kwa hektopaskali. Ndiyo sababu watu wengi hutafuta altimita ya kuongeza yenye kidirisha cha hektopaskali, na ni moja ya geji zenye faida ya kweli kuzitafuta. Sio urembo. Kila hektopaskali moja ukiikosea ni kama futi 30. Ukiacha 1013 wakati hewa ya siku hiyo ni 1003, ndege yako ipo karibu mita 90 chini ya pale geji inapokuambia. Sasa kumbukeni Mbeya imekaaje. Loleza umesimama juu kabisa ya mji, zaidi ya mita 2,600. Kilele cha Mbeya kinapita mita 2,800. Rungwe unakaribia 3,000. Mita 90 ndani ya wingu, karibu na milima hiyo, sio kosa la kuchekea.

Umaarufu wa Mbeya haukudumu. Mwaka 1937 Imperial Airways walileta ndege za kuelea majini, na ndege hizo zilitaka maji ya kutulia. Njia ikahamia pwani: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, hadi Durban. Ndege kubwa za London zikaacha Mbeya. Hakuna aliyewakosea wala kuwakosoa watu wa Mbeya. Chombo kilibadilika tu, na haja ikaisha. Mei 1952 BOAC walipoanza safari za kwanza za abiria za ndege ya jeti duniani, Comet kwenda Johannesburg, vituo vilikuwa Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Mbeya ikawa kitu cha kupita mbali nacho huku abiria amelala.

Walichobaki nacho watu wa nyanda za juu ni ndege za ndani. East African Airways, iliyoanza 1946, ilikuwa na DC-3 na baadaye Fokker F27 kwa safari za humu ndani. Shirika hilo lilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka huohuo likazaliwa Air Tanzania. Mwenye simuleta anaweza kuirudisha enzi hiyo kwa urahisi, maana DC-3 imo ndani ya Flight Simulator 2004.

Njooni tufanye safari moja ya jaribio. Tunapaa Nduli, uwanja wa Iringa, HTIR kwa herufi za kimataifa, mita 1,400 na ushee juu ya usawa wa bahari. Tunaelekea kusini magharibi, tambarare ya Usangu ikifunguka mbele, milima ya Kipengere mkono wa kushoto. Kama kilomita 290 hivi kwa mstari ulionyooka, tunaikuta Mbeya. Tuseme umeongeza kwenye dashibodi geji nzuri ya ILS, ule mfumo wa redio unaokuongoza hadi mwanzo wa njia ya kurukia hata kama huoni nje. Imetengenezwa kwa ustadi, mishale miwili inapendeza, kioo kinang'aa. Unaukaribia uwanja wa zamani wa Mbeya, mawingu yameshuka, unaitazama.

Haisogei. Hutaona kosa lolote kwenye panel.cfg. Uwanja ule haukuwa na mtambo wa ILS ardhini, kwa hiyo geji haina cha kusikiliza. Unaweza kuongeza geji za bei mbaya kuliko zote duniani, zitabaki mapambo. Wengi wanaoanza wakifika hapa hufuta geji na kuiweka upya mara tano. Kabla hujafuta, jiulize swali moja: je, kitu ambacho geji hii inakitafuta kipo kweli pale chini?

Swali hilo sio la kompyuta peke yake. Songwe ulipofunguliwa 2012, ulijengwa kwa kuona mbali: njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita tatu, mahali palipo chini kidogo kuliko Mbeya mjini, mita 1,340 hivi, ndege kubwa zinatua. Lakini kwa miaka kadhaa uwanja huo ulikosa taa za kuongozea ndege kutua. Ndege za kisasa zenye dashibodi za vioo zilikuja zikakuta ukungu wa asubuhi, zikageuza kurudi Dar es Salaam na abiria wao. Mwanafunzi amekosa usaili, mgonjwa amekosa miadi, mfanyabiashara wa parachichi amekosa mteja. Ndani ya ndege hakuna geji iliyokuwa mbovu. Kilichopungua kilikuwa chini, kilekile ambacho Doolittle aliwekewa Mitchel Field mwaka 1929.

Tunapenda sana kununua kilicho juu. Tunanunua ndege, tunapiga picha, tunacheza ngoma uwanjani. Kilicho chini, taa, redio, kituo cha hali ya hewa, mtu wa zamu aliyelipwa mshahara wake kwa wakati, hakina ngoma. Lakini ndicho kinachousogeza mshale.

Na yapo matundu ya aina nyingine, ya kumbukumbu. Mei 2009 tovuti ya AVSIM, mojawapo ya maghala makubwa kabisa ya ndege na geji za kuongeza, ilivamiwa na wahalifu wa mtandao wakafuta seva zake. Kazi za miaka mingi za watu wa kujitolea zilipotea kwa mkupuo, na kilichoweza kurudi kilirudi kwa sababu watu binafsi walikuwa na nakala zao majumbani. Kwa upande mwingine kuna makosa yanayokataa kufa. Fungua geji ya .cab iliyoandikwa kwa XML, utaona kipimo cha kile kidirisha kimeandikwa Kohlsman. Mtu mmoja zamani alikosea jina la Kollsman, na kosa hilo limeishi mpaka Flight Simulator ya mwaka 2020, ambamo panel.cfg bado ipo ingawa geji nyingi siku hizi zinaandikwa kama kurasa za wavuti. Kilichoandikwa, hata kimekosewa, kinadumu. Kisichoandikwa hakina hata bahati ya kukosewa.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza kwa wanaorusha ndege za kompyuta kule Forest, Soweto, Kihesa na Mlandege. Songwe haupo kwenye programu yako ya zamani? Uchore. Zana ya bure iitwayo Airport Design Editor ilitengenezwa kwa kazi hiyo, inakubali FS2004 na FSX. Kimo unakijua, urefu wa njia unaujua, ukungu unaujua kuliko mtu yeyote wa Ulaya au Marekani. Ukimaliza, andika maelezo kwa Kiswahili na uyaweke ndani ya zip.

La pili ni kwa kila mwenye babu au bibi aliyeishi Mbeya au Iringa enzi zile. Waulizeni nani alifyeka uwanja, nani alibeba mafuta, nani aliwasha moto usiku ndege ilipochelewa, alilipwa nini, alikaa mtaa gani. Andikeni majina. Mzee akiondoka na majina hayo, tutaendelea kuruka na dashibodi yenye tundu, tukidhani tuna kila kitu.

Naomba kuwasilisha.